Amri ya DC na Mstari wa Manjano

Ukisimama kwenye steji ya Chaka asubuhi ya siku ya soko, matatu hazikatiki. Zinatoka Nyeri zikielekea Nanyuki, zinatoka Nanyuki zikielekea Karatina na Nairobi, na zinaposimama wachuuzi wanazizunguka na vitunguu, kabeji na viazi vya Kieni. Kila gari lina mstari wa manjano ubavuni, na juu ya mstari huo yameandikwa majina ya miji linakokwenda. Kijana anayeita abiria pale pengine hakuwa amezaliwa mstari huo ulipoanza kupakwa, Februari 2004. Lakini jina la sheria yenyewe analijua. Ni sheria za Michuki.

John Njoroge Michuki alikuwa waziri wa uchukuzi alipoziweka, na alikuwa mbunge wa Kangema, upande wa Murang'a. Kwa watu wa Nyeri, hata hivyo, jina hilo lilikuwa na umri mkubwa kuliko matatu nyingi za barabara hii. Miongo minne kabla ya mstari wa manjano, Michuki alikuwa DC wao, yaani mkuu wa wilaya, Mwafrika wa kwanza kuikalia ofisi ile. Kabla hajawahi kumwomba mtu kura, alikuwa ameshajifunza kutoa amri.

Kwingine mambo huanza kwa kura. Wamarekani wana ofisa anayeitwa sherifu. Anachaguliwa na wananchi wa kaunti yake, analinda amani, anasimamia jela, na akipata umaarufu huenda akagombea kiti katika bunge la jimbo. Haimshangazi mtu, kwa sababu kura ilimweka na kura inampandisha. Kwenye miteremko ya Mlima Kenya, mwenye kulinda amani alitoka juu. Alitumwa na serikali, akapewa bendera, askari na mhuri, na wananchi wakaambiwa huyu ndiye. Kwa hiyo mtu aliyetoka kwenye kiti hicho akaenda kuomba kura alikuwa anavuka mto mpana, na kwenye ng'ambo ya pili alikuwa anasubiriwa na watu aliowahi kuwaamuru.

Mto huo ulianza kuchimbwa mwaka 1902. Mwishoni mwa mwaka huo Waingereza waliweka kituo Nyeri baada ya mapigano makali na wenyeji, na mwaka uo huo wakatunga sheria ya kuteua wakuu wa vijiji. Wagikuyu hawakuwa na mfalme wala chifu. Mambo yao yaliamuliwa na mabaraza ya wazee. Machifu walibuniwa na serikali. Wengine, kama Wambugu wa Mathangani, walijenga majina ambayo bado yanatajwa. Shamba la mafunzo ya kilimo karibu na mji wa Nyeri linaitwa Wambugu hadi leo. Sheria ya Machifu ya mwaka 1937 iliwapa uwezo wa kuamuru watu wachimbe matuta, wafyeke barabara, waache kupika pombe, wahudhurie baraza. Nyuma ya chifu walisimama askari wa kikabila, ambao mwaka 1958 waligeuka kuwa Polisi wa Utawala, yaani AP wa leo. Na nyuma ya hao wote alikuwa DC.

Ilipofika miaka ya 1950, kiti cha chifu kilikuwa kimelowa damu. Tarehe 22 Oktoba 1952, siku mbili tu baada ya hali ya hatari kutangazwa, Chifu Mkuu Nderi wa Nyeri aliukabili mkutano wa kiapo cha Mau Mau, akakatwakatwa kwa mapanga. Miaka minne baadaye, Oktoba 1956, Dedan Kimathi, kiongozi wa wapiganaji wa Mau Mau, alipigwa risasi na kukamatwa ukingoni mwa msitu, na aliyemfyatulia alikuwa askari wa kikabila, Ndirangu Mau, mwana wa nchi hiyo hiyo. Kwa hiyo mtu akisema Nyeri iliyaona mamlaka ya serikali kwa karibu, hatii chumvi. Katikati ya miaka hiyo vijiji vilizungushiwa mitaro na miiba iliyochongwa, watu wakahamishwa kwa nguvu, na mtu hakuenda hata sokoni bila kibali.

Kura ya kwanza ya Waafrika kwa Baraza la Kutunga Sheria, Machi 1957, ilikuja katika hali hiyo. Kwa Wagikuyu, Waembu na Wameru, kujua kusoma au kuwa na mali hakukutosha. Mpiga kura alihitaji cheti cha uaminifu, karatasi ya kuthibitisha kwamba hakuwa upande wa Mau Mau. Waliosema nani apewe na nani anyimwe walikuwa machifu na maofisa wa wilaya. Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia katika Baraza hilo mwaka 1944, alishindwa na Bernard Mate, mwalimu kutoka Meru. Ni jambo la kukumbukwa kila tunaposema habari za uchaguzi katika eneo hili: kura ya kwanza ilipita mezani kwa DC kabla ya kufika kwenye sanduku.

Michuki alikulia ndani ya nyumba ya mamlaka hayo. Alizaliwa Iyego, Kangema, mwaka 1932, na baba yake alikuwa chifu. Alisoma Mang'u, shule iliyomlea pia Mwai Kibaki, rais wa baadaye, akaenda Oxford kusomea mambo ya uchumi na utawala, kisha akarudi nyumbani kuwa ofisa wa utawala wakati Waingereza walipokuwa wakitafuta Waafrika wa kushika viti walivyokuwa wakiviacha. Viti hivyo havikutolewa ovyo. Aliyeviachia alitaka mtu atakayefuata taratibu zilezile, avae kaki ileile iliyopigwa pasi, aandike barua kwa mtindo uleule na asitikisike mbele ya umati.

Nyeri aliyokabidhiwa ilikuwa wilaya ngumu kuliko nyingi. Hali ya hatari ilikuwa imeondolewa Januari 1960, lakini uhasama ulikuwa bado umelala vijijini. Waliokuwa walinzi wa nyumbani wa serikali na waliorudi kutoka vizuizini walikuwa wakiishi mpaka mmoja, wakichota maji mto mmoja. Ardhi ilikuwa imekusanywa na kupimwa upya watu wengi wakiwa kizuizini, na aliyerudi alikuta shamba lake limehamia mlima mwingine au limekwenda kwa aliyebaki. Mnamo Desemba 1963, bendera ya uhuru ilipopandishwa, wapiganaji walitoka msituni wakakusanyika katika uwanja wa Ruringu, ndani ya mji wa Nyeri, nywele zao zimesukika, nguo zao za ngozi. Upande wa Kieni, ambako Chaka iko, nchi ilikuwa bado mali ya walowezi: mashamba mapana ya ng'ombe na ngano, yenye waya pande zote.

Siku ya DC ilikuwa na mambo mengi. Aliongoza kamati ya usalama. Aliamua mkutano gani wa hadhara upate kibali na upi usipate. Alisikiliza kesi za mipaka, akakagua AP, akaandika ripoti kwenda kwa PC, yaani mkuu wa mkoa, akasoma hotuba ya mkuu wa nchi siku za sherehe. Uhuru ulipokuja, Serikali ya Jomo Kenyatta haikuivunja ofisi hiyo. Iliipenda. Waliobadilika walikuwa waliokalia kiti, kiti chenyewe kikabaki na miguu yake yote minne. Chama cha KANU kilikuwa na matawi, lakini mwananchi mwenye shida halisi ya maji, shule au shamba alijua mlango wa kubisha, nao haukuwa wa chama.

Michuki hakukaa Nyeri muda mrefu. Alipelekwa Hazina, na kufikia 1965 alikuwa katibu mkuu wa wizara ya fedha, kijana wa miaka thelathini na kitu. Mwaka 1970 serikali ilipochukua sehemu kubwa ya hisa za benki ya National and Grindlays na kuunda Kenya Commercial Bank, yeye ndiye aliyewekwa mwenyekiti, akakaa hapo hadi 1979. Katika miaka hiyo alijenga mali yake pia. Hoteli ya Windsor yenye uwanja wa gofu, kaskazini mwa Nairobi, ilikuwa yake na familia yake.

Kisha akavuka mto. Aliingia Bungeni mwaka 1983 kama mbunge wa Kangema. Uchaguzi wa zama hizo ulikuwa wa chama kimoja, kwa kuwa kifungu cha 2A kilikuwa kimeingizwa katika Katiba mwaka uliotangulia. Hata hivyo mgombea bado alilazimika kupanda vilima vya Kangema, kuketi matangani, kuchangia harambee na kuwasikiliza akina mama wa vyama vya maji. Mtu aliyezoea watu kusimama anapoingia sasa alisimama yeye. Uchaguzi wa mlolongo wa 1988, ambapo wapiga kura walipanga foleni nyuma ya picha za wagombea na mara nyingi foleni fupi ikatangazwa kuwa ndefu, ulimtoa. Mpanga foleni na mhesabu watu alikuwa ofisa wa serikali. Haikuwa siri kwa mtu aliyewahi kuikalia ofisi hiyo jinsi hesabu zilivyoweza kufanywa.

Vyama vingi viliporudi, alirudi navyo. Mwaka 1992 alishinda Kangema kwa tiketi ya FORD-Asili, chama cha Kenneth Matiba kilichofagia Murang'a, huku Nyeri ikienda na chama cha DP cha Kibaki. Na mjini Nyeri kwenyewe, mwaka huo huo, mbunge aliyechaguliwa alikuwa Isaiah Mathenge, mtu mwingine wa kaki. Mathenge alikuwa PC wa Pwani, kisha wa Bonde la Ufa katika miaka ya 1970, na sifa yake ya ukali ilivuka mipaka ya mkoa. Kabla yake kiti hicho cha Nyeri Mjini kilikuwa cha Waruru Kanja, mpiganaji wa Mau Mau aliyewahi kuhukumiwa kunyongwa na Wazungu. Baada yake, mwaka 1997, kikaenda kwa Wanyiri Kihoro, mwanasheria aliyetiwa kizuizini bila kesi enzi za Rais Moi. Mpiganaji, PC, mfungwa wa kisiasa, wote kwenye kiti kimoja, wamechaguliwa na watu walewale. Wanaosema wapiga kura wa Nyeri wanafuata mkumbo wautazame mfuatano huo kwanza. Watu hawa walikuwa wakiuliza swali moja kwa njia tatu: nani anayeijua serikali vya kutosha ili atulinde nayo, au aitulize?

Ushindi wa muungano wa NARC wa Desemba 2002 ulimpeleka Kibaki Ikulu na Michuki Wizara ya Uchukuzi. Ajali za barabarani zilikuwa zinaua karibu Wakenya 3,000 kila mwaka. Matatu zilipakia watu hadi mlangoni. Makanga alining'inia nje na kondakta wa basi alipanga abiria kwenye ujia kama magunia. Mawaziri waliomtangulia walikuwa wamekemea, wakaunda kamati, wakatishia. Michuki alifanya kama DC. Aliandika tangazo la kisheria, namba 161 la mwaka 2003, akataja tarehe, akasubiri.

Tarehe yenyewe ilikuwa 1 Februari 2004. Kila gari la abiria liwe na kidhibiti mwendo kisichoruhusu zaidi ya kilomita 80 kwa saa. Kila abiria awe na kiti na kila kiti kiwe na mkanda. Matatu ndogo ibebe watu 14, si zaidi. Gari lipakwe mstari wa manjano na liandikwe njia yake. Dereva na makanga wavae sare. Makanga akapewa rangi ya damu ya mzee. Wawe na vyeti vya tabia njema kutoka polisi, na picha ya dereva ibandikwe mahali ambapo abiria anaiona. Wenye magari waliomba muda. Hakuutoa. Siku ilipofika, matatu nyingi hazikuonekana barabarani. Ama zilikuwa bado gereji zikifungwa mikanda, ama wenyewe wamegoma wakitumaini waziri atalegea. Wakenya walitembea. Walitembea kutoka Kiambu, kutoka Embakasi, kutoka vijiji vya Mathira kwenda kazini Karatina, na jambo la ajabu ni kwamba wengi walitembea bila kumlaani.

Hakulegea. Wiki zilizofuata magari yalirudi moja moja, yana mikanda, yana mistari. Kwa mara ya kwanza bibi kizee aliyetoka sokoni na kiroba chake aliketi bila kubanwa na goti la mtu. Nauli zilipanda, na hilo liliwauma maskini. Lisipotajwa, habari hii inakuwa nusu. Lakini aliyewahi kusafiri kati ya Nyeri na Nanyuki akiwa mtu wa 22 ndani ya gari la watu 14 anajua ni nini kilichorudishwa siku zile. Kilikuwa heshima ya abiria. Mtu anayeandika haya haoni aibu kusema kwamba hakuna waziri mwingine wa uchukuzi aliyewafanyia wanyonge wa barabara hii jambo kubwa kama hilo kwa karatasi moja.

Na karatasi moja ndiyo shida pia. Mkono ulioandika tangazo lile ulikuwa mkono uleule wa DC, na mwaka uliofuata ulipewa bunduki. Februari 2005 Kibaki alibadilisha baraza lake. Chris Murungaru, mbunge wa Kieni, ambaye Chaka ilikuwa ndani ya eneo lake, alitolewa Usalama wa Ndani akapelekwa Uchukuzi. Michuki akatoka Uchukuzi akaenda Usalama wa Ndani. Wabunge wawili wa mlima walibadilishana meza. Bila Michuki, sheria za matatu zilianza kulegea polepole. Michuki naye alirudi mahali alikoanzia kazi, safari hii akiwa mkuu wa kila DC nchini, kila chifu, kila AP, na polisi wanaofuzu Kiganjo, chuo kilicho jirani kabisa na Chaka.

Usiku wa kuamkia 2 Machi 2006, askari waliofunika nyuso walivamia kiwanda cha gazeti la The Standard, wakachoma nakala zilizokuwa zimechapishwa na kuzima matangazo ya televisheni ya KTN. Nchi ilimtazama waziri. Badala ya kukana au kuomba radhi, Michuki alisema kwamba anayemchokoza nyoka awe tayari kuumwa. Mwaka uliofuata polisi walianzisha msako dhidi ya Mungiki, kundi ambalo lilikuwa linatoza matatu ushuru na kukata watu vichwa. Wengi Mlimani waliushangilia. Kisha maiti za vijana zikaanza kuokotwa misituni na vichakani, na mwishoni mwa 2007 Tume ya Taifa ya Haki za Binadamu ikahesabu karibu 500 na kuwanyooshea polisi kidole. Wengi wa vijana hao walikuwa wana wa miji hii hii: Murang'a, Nyeri, Kirinyaga. Tarehe 30 Desemba 2007, matokeo ya urais yalipotangazwa na nchi ikaanza kuwaka, wizara yake ilipiga marufuku matangazo ya moja kwa moja.

Mtu akiyaweka mambo haya kando kando, matatu na gazeti, mkanda wa kiti na maiti ya kichakani, atavutiwa kusema kulikuwa na Michuki wawili. Hakukuwa. Kulikuwa na DC mmoja, aliyeamini kwamba utaratibu hutoka kwa anayeamuru na kwamba anayeamuru hadaiwi maelezo. Pale ambapo waliokuwa wakisumbua raia walikuwa na magari mabovu, imani hiyo iliokoa watu. Pale waliposhukiwa tu, bila hakimu, iliwamaliza. Bunge lingeweza kumfundisha tofauti hiyo, kwa kuwa ndiyo kazi ya Bunge, kumlazimisha mwenye amri ajibu swali. Katika miaka yake yote kule alijibu maswali kwa ufupi na kwa ukali, kama mtu anayesubiri baraza liishe arudi ofisini.

Baada ya serikali ya mseto ya 2008 alipewa Mazingira, na akashikilia Fedha kwa muda kati ya Julai mwaka huo na Januari 2009. Katika Mazingira alishuka hadi kwenye Mto Nairobi akaagiza usafishwe; bustani iliyoko kando ya mto huo, karibu na mzunguko wa Globe, leo inaitwa kwa jina lake. Alifariki tarehe 21 Februari 2012 akiwa bado waziri na bado mbunge wa Kangema, ana miaka 79.

Njia aliyoipita haikufungwa naye. Rigathi Gachagua, mzaliwa wa Mathira, alianza kazi akiwa DO, ofisa wa utawala chini ya DC, miaka ya 1990, akawa mbunge wa Mathira mwaka 2017, na miaka mitano baadaye Naibu wa Rais, hadi Seneti ilipomwondoa Oktoba 2024. Lakini ofisi yenyewe imepunguzwa. Mageuzi ya 1997 yaliondoa haja ya kuomba kibali cha mkutano na kuwanyang'anya machifu sehemu ya meno yao. Katiba ya 2010 ikaamuru utawala wa mikoa upangwe upya, PC na DC wakatoweka kwa jina, na mahali pao wakaja makamishna wa kaunti, ambao sasa wanaketi mji mmoja na gavana aliyechaguliwa kwa kura.

Chaka nayo si ile aliyoijua DC kijana. Waya za walowezi zimetolewa, mashamba yamegawanywa, na njia panda imekuwa mji wenye soko linaloleta watu kutoka pande zote za Kieni. Jioni gari la mwisho la Nanyuki linajaa polepole. Makanga anahesabu vichwa: kumi na mbili, kumi na tatu, kumi na nne. Mama mmoja anafika mbio na mtoto mgongoni, kabeji mkononi. Makanga anatazama kule mbele barabarani, ambako polisi huweka kizuizi, kisha anamtazama mama, kisha mstari wa manjano ubavuni mwa gari lake. Mkono wake bado umeshika mlango.